Pembe Mbili za Shuka

Jumatatu, 4 Machi

Wamenipa daftari. Miaka ishirini na miwili nimekunja shuka za hospitali, na siku ya kunitoa wamenipa daftari lenye jalada gumu na kalamu yenye jina la hospitali ubavuni. Meneja mpya, yule kijana mwenye kalamu tatu mfukoni ambaye sijawahi kumwona akiandika hata neno, alinishika mkono akasema, "Mama, sasa utapata muda wa kupumzika na kuandika kumbukumbu zako." Basi naandika. Kumbukumbu ya kwanza: wewe ni mjinga.

Imekuja mashine ya kukunja shuka. Unaiingizia shuka upande huu, upande wa pili inatoka imekunjwa mara nne, ya moto, imenyooka. Kukunja kwa mikono kunataka watu wawili. Mashine inataka mmoja tu wa kuilisha. Nasi tulikuwa wawili, mimi na Pacha. Si ndugu yangu wala hatufanani, yeye mrefu mimi kipande cha mtu. Tuliitwa mapacha kwa sababu miaka yote hiyo yeye alishika pembe mbili, mimi mbili, tukatembea kukutana katikati, tukarudi nyuma, tukakutana tena, mpaka zamu iishe. Wamembakiza yeye. Nilipokuwa naaga alisimama nyuma ya mashine akijifanya anafuta vumbi. Mashine ina siku mbili, vumbi limetoka wapi?

Shuka sitaki kuiona tena.

Jumanne, 5 Machi

Mvua imeanza, na kubwa.

Mjukuu wangu ana miaka tisa. Namwita Mke Mwenza, kwa utani wa bibi na mjukuu, ingawa huyo babu tunayemgombea yuko kaburini mwaka wa kumi na moja huu. Hasemi. Daktari aliandika usonji kwenye cheti chake, akanieleza kwamba mtoto wa namna hii anapenda mambo yaende kama yalivyokwenda jana. Nikamwambia hata mimi. Ninaye tangu ana miaka miwili, mama yake alipopata kazi mji mwingine, kisha mume mwingine, kisha mtoto mwingine.

Kila siku zamu ikiisha nilikuwa namfuata shuleni, kwenye darasa la watoto wenye mahitaji maalumu. Langoni hunikamata mikono miwili, huinusa kuanzia kwenye vifundo hadi kwenye vidole, taratibu, kama mtu anayekagua nyama buchani. Akiridhika tunakwenda. Tukifika nyumbani, kabla ya kula, huleta kishuka chake, kipande nilichomkatia kwenye shuka ya hospitali iliyochakaa, tukakikunja. Yeye pembe mbili, mimi mbili. Nilimfundisha kwa miezi minane. Mtoto huyu hataki kuguswa na mtu, hata mwalimu, lakini vidole vyetu vikikutana katikati ya kishuka, vyake havikwepi vyangu.

Leo alininusa, akaiachia mikono yangu kama ya mtu asiyemjua. Akakaa chini langoni, kwenye maji. Nilimwita, nikamwimbia, nikachuchumaa. Akapiga kelele mpaka wazazi wengine wakawafunika watoto wao masikio. Mlinzi wa shule alitoka kwenye kibanda chake akasimama anatutazama, mikono nyuma. Nilimkata jicho. Hakuondoka.

Jioni alileta kishuka. Nilimwambia sitaki kuona shuka. Akaniwekea pembe mkononi, nikaziachia.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Langoni dakika arobaini. Amenirarua kola.

Alileta kishuka. Nimekiweka juu ya kabati.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeelewa. Ni harufu. Anatafuta kwangu sabuni ya pipa, ile kali ya hospitali, na wanga na mvuke, na sasa mikono yangu hainuki chochote. Asubuhi nilinunua sabuni za unga za aina tatu dukani, nikafulia matambara, nikajisugua mpaka ngozi ikawa nyekundu. Langoni alinusa, akapiga chafya, akakaa chini.

Sabuni ya pipa haiuzwi dukani. Pacha anayo mpaka kwenye kucha. Nife kwanza kabla sijamwomba.

Jumatatu, 11 Machi

Nimepata kibarua. Kumenya vitunguu na viazi nyuma ya mgahawa, kuanzia asubuhi hadi saa tisa. Mwenye mgahawa ni mama mmoja mnene asiye na maneno mengi. Alinipa kisu akasema, "Usinikate vidole, ninavihitaji." Alikuwa na maana ya vidole vyangu.

Sasa nanuka vitunguu. Mke Mwenza hakupiga kelele hata kidogo, alinigeuzia mgongo tu, akalala chini kifudifudi. Nilimbeba. Ana miaka tisa, ni mzito kama gunia la mchele.

Jumatano, 13 Machi

Leo nimeisoma vizuri barua ya kuachishwa kazi, maana siku ile macho yalikuwa na maji. Mstari wa tatu: "Kwa kuzingatia utoro wako wa mara kwa mara siku za Jumatano."

Jumatano nilikuwa natoka saa moja kabla ya wenzangu, nimpeleke Mke Mwenza kliniki kwa yule dada anayemfundisha kuwasiliana kwa picha. Pacha alinishikia. Alikuwa anakunja peke yake kwa kubana pembe mbili kwenye mlango wa kabati, halafu akasema niko msalani. Miaka mitano. Hakuna mwingine aliyejua duniani isipokuwa yeye na mlango wa kabati.

Kwa hiyo ni yeye. Kikulacho ki nguoni mwako. Niliimba msemo huu kwa watu maisha yangu yote, sikujua nguo yenyewe ni sare yangu.

Jumapili, 17 Machi

Pacha amegonga mlango. Sikufungua.

Jumatano, 20 Machi

Binti yangu amepiga simu. Mama wa duka la jirani, ambaye hajapata kuhifadhi siri tangu azaliwe, amemwambia yote.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umeshasikia."

"Nimesikia. Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungenipa kazi?"

Nyuma yake nilisikia yule mtoto mwingine anacheka, anaita mama, mama, kwa maneno.

"Mama, kuna kituo huku. Watoto wanalala hukohuko, kuna wauguzi, kuna walimu. Nimeshamwandikisha."

"Umemwandikisha nani?"

"Mtoto wangu."

Mtoto wangu! Miaka saba neno hilo lilikuwa wapi? Alipong'oka jino la kwanza, alipougua kifua wiki tatu, alipoanza kushika kijiko, lilikuwa wapi?

"Kituo ni cha watoto wasio na watu," nilimwambia.

"Wana watu, Mama. Watu wamechoka tu. Wewe una miaka hamsini na tisa, kazi huna, na kila siku unamburuta mtoto matopeni watu wakiangalia."

"Simburuti. Namsubiri."

"Nisikilize. Shule zikifungwa mwisho wa Mei nakuja. Nikikuta anatembea na wewe kwa hiari yake, tutazungumza. Nikimkuta amelala chini, namchukua siku hiyohiyo."

Nilimkatia simu. Halafu nilikaa jikoni nikatukana kila niliyemkumbuka, kuanzia meneja mpaka marehemu mume wangu, kwa kosa la kufa.

Alhamisi, 21 Machi

Langoni, saa nzima.

Jumatatu, 25 Machi

Mwalimu wa darasa ameniita. Anasema Mke Mwenza hali chakula cha mchana, na anakunja kila kitu: karatasi, aproni yake, pazia la darasa limeshachanika. "Bibi, nyumbani kuna mabadiliko gani?" Nilimjibu nyumbani kuna njaa na mvua, hayo si mabadiliko. Alitazama chini. Msichana mwenyewe ana viatu vimetoboka. Nilijuta njiani, lakini sikurudi.

Jumapili, 31 Machi

Pacha amegonga. Sikufungua. Ameacha mfuko wa ndizi kwenye kitasa. Nimewapa watoto wa jirani.

Jumanne, 9 Aprili

Nimeenda hospitali kuomba sabuni. Si kwa Pacha, kwa meneja mwenyewe, mlango wa mbele, nimevaa nguo ya kwendea mazikoni. Nilimweleza kwa adabu zote: nataka sabuni ya pipa kiasi cha kikombe, kwa ajili ya mtoto. Alinisikiliza huku anatazama kompyuta.

"Mama, vifaa vya hospitali haviruhusiwi kutoka."

"Mimi nimetoka. Mbona niliruhusiwa?"

"Usilichukulie hivyo. Ni utaratibu."

"Basi ninuse tu. Niingie chumba cha kufulia, nisimame kwenye mvuke dakika tano, nitoke."

Akanitazama kwa mara ya kwanza. Nadhani aliona nimerukwa na akili. Akasema nivae kitambulisho cha mgeni, na kwamba wageni wanaonyeshwa chumba cha kufulia Ijumaa ya mwisho ya mwezi, kwa maombi ya maandishi. Mgeni! Kwenye ukuta wa chumba kile kuna alama ya bega langu, nilipoegemea miaka yote nikisubiri mashine zimalize kuzunguka.

Nilichukua kalamu moja kwenye mfuko wake wa shati, nikaweka mezani ile ya kwao niliyopewa. "Tubadilishane," nikamwambia. "Hii yako haina kazi." Walinisindikiza mpaka nje. Yake inaandika vizuri, ndiyo hii.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua. Vitunguu. Lango.

Mlinzi wa shule alikuja na mwavuli leo. Aliushika juu ya kichwa cha Mke Mwenza muda wote aliolala chini, yeye mwenyewe akilowa. Kumbe siku zote alizosimama mikono nyuma alikuwa hajui asaidie wapi. Nilimwambia asante, akaitikia kwa kichwa.

Jumatano, 24 Aprili

Leo nimempiga.

Naandika kwa sababu hakuna mtu wa kumwambia. Mvua ilikuwa inapiga kutoka ubavuni, nilikuwa nimesimama tangu asubuhi, mguu wa kushoto umevimba, na alilala chini akashika chuma cha lango. Nilivuta. Hakuachia. Nilivuta tena, kwa nguvu, nikamchapa mkononi mara mbili aachie. Aliachia. Hakulia. Aliutazama mkono wake, kisha akaanza kuukunja mkono wa gauni lake, mara moja, mara mbili, mara ya tatu, kwa utaratibu, ukingo juu ya ukingo.

Mlinzi aliona. Mwalimu aliona. Nilimbeba nikaondoka, wote wawili nimewapa mgongo, maana ningegeuka ningewatukana, na wao hawajakosa kitu.

Nimepokonywa kazi na mashine, nimesalitiwa na mtu niliyeshika naye shuka miaka ishirini na miwili, binti yangu ananihesabia siku, na mimi hasira yangu yote nimeimwagia mtu pekee asiyeweza hata kunisemea. Wanasema hasira hasara. Hasara yenyewe ina alama nne za vidole kwenye kifundo cha mtoto. Nimempaka mafuta. Aliniruhusu, hilo ndilo lililoniliza.

Halafu akapanda kiti, akatoa kishuka juu ya kabati, akaniletea. Nikasema, "Mke Mwenza, niache, nimechoka."

Alhamisi, 2 Mei

Sijui niandike vipi bila kuchana karatasi.

Nilifika langoni saa tisa na nusu. Pacha alikuwa ameshafika. Amevaa sare ya bluu, ametoka zamu moja kwa moja, kilemba kimelowa. Amechuchumaa mbele ya Mke Mwenza na kumnyooshea mikono. Na mtoto ananusa. Kifundo, kiganja, vidole. Halafu akainuka, akamshika Pacha ncha ya mkono wa sare, wakaondoka.

Wamenipita. Nilikuwa nimesimama palepale, karibu kiasi cha kuguswa, na mjukuu wangu akanipita kama nguzo ya umeme. Miezi miwili nalala naye matopeni! Miaka saba namwosha, namlisha, namkesha! Kumbe yote ilikuwa sabuni. Anayempenda si mimi, ni pipa la hospitali.

Niliwafuata nyuma hatua ishirini, kama mwizi. Pacha anajua ninapoweka ufunguo. Nilipofika mlangoni sikuingia, nikachungulia. Mke Mwenza alikuwa ameshateremsha kishuka. Akampa Pacha pembe mbili. Wakarudi nyuma, wakavuta kikanyooka, wakatembea. Wakakutana. Pacha hukunja kwa kuingiza kidole gumba ndani ya ukingo, kama mimi, ndivyo tulivyofundishwa siku moja na msimamizi mmoja. Na mtoto akafanya mlio wake, ule wa furaha, mm-mm-mm puani. Sijausikia tangu Machi.

Ndipo nikaingia.

"Toka nyumbani kwangu."

"Pacha..."

"Usiniite hilo jina. Kazi umechukua, sasa unachukua na mtoto?"

Aliweka kishuka kwenye kiti, polepole, asimshtue mtoto. "Nimegonga Jumapili ngapi? Ungefungua ningekueleza."

"Unieleze nini? Jumatano aliijua nani?"

"Mimi."

"Na aliisema nani?"

"Mimi."

Nilidhani atakana. Nilikuwa nimejiandaa kwa kukana, nina maneno ya miezi miwili tayari mdomoni.

"Aliniita meneja," akasema. "Akaniambia mmoja wenu anaondoka, na ni yule mkubwa kwa umri. Nikamwambia usimtoe yule, ana mjukuu mgonjwa, anamlea peke yake, hata Jumatano humshikia nafasi ampeleke kliniki. Nilimwomba, Pacha. Nilipiga magoti kwenye zulia lake. Yeye akawa anaandika. Nilifikiri anaandika huruma."

"Alikuwa na kalamu tatu," nikasema. "Siku moja ilibidi aandike."

"Nilikuwa nakutetea."

"Ulikuwa unanizika."

"Ndiyo," akasema. Akaanza kulia, na Pacha akilia ni mbaya kutazama, mtu mrefu vile. "Ndiyo, nilikuzika. Lakini huyu mtoto alikukosea nini? Mama wa duka huona dirishani, kila jioni anakuletea kishuka, na wewe unakitupa juu ya kabati."

"Sitaki kuona shuka."

"Wewe hutaki. Na yeye je? Harufu humfikisha nyumbani. Akishafika anataka mtu wa kushika upande wa pili. Umemwachia kishuka peke yake miezi miwili."

Nilimwambia atoke. Alitoka. Sikumsamehe, na naandika hapa kwamba sijamsamehe, ili kesho nisijifanye.

Nilikaa mpaka chakula kikapoa. Kisha nikaosha mikono, ikabaki na vitunguu vilevile. Nikachukua pembe mbili.

Hakuninusa. Alishika zake, akarudi nyuma mpaka ukutani, akanisubiri.

Ijumaa, 3 Mei

Langoni amekaa chini bado. Lakini dakika kumi na tano.

Tumekunja mara sita. Sita! Mguu unauma. Asubuhi amekitia kishuka kwenye mkoba wake wa shule, naye hajawahi kubeba kitu cha nyumbani.

Ijumaa, 10 Mei

Dakika ishirini. Siku moja mbele, siku mbili nyuma. Mwalimu anasema sasa anakula, pazia limepona. Nimempelekea mwalimu viatu vyangu vya kazini, vile vya mpira. Havina tundu hata moja, na mimi siendi tena kunakomwagika maji. Nilimwomba radhi kwa jibu langu la siku ile. Akacheka, akasema hakumbuki. Anakumbuka.

Ijumaa, 17 Mei

Pacha anapita langoni akitoka zamu, anasimama ng'ambo ya barabara. Simwiti. Hasogei. Mke Mwenza akinusa hewa anaangalia upande ule, kisha anaangalia matope.

Jumatatu, 27 Mei

Mvua zinapungua. Binti yangu ametuma ujumbe: anafika Ijumaa, teksi imeshakodiwa, nimpangie nguo. Sijapanga hata soksi.

Leo alikaa chini dakika kumi.

Ijumaa, 31 Mei

Nimechelewa. Leo, katika siku zote! Mwenye mgahawa alikuwa na wageni, akanisihi nimalize gunia. Nilikimbia na aproni yangu, kisu kikiwa bado mfukoni.

Nilipofika kona nilimwona Pacha amechuchumaa mbele ya lango, mikono imenyooshwa, na moyo ukatulia kidogo. Halafu aliyechuchumaa akageuza uso. Alikuwa binti yangu. Amevaa sare ya Pacha, mikono imekunjwa maana ni mirefu, na juu ya kichwa kilemba cha Pacha.

Baadaye nilielezwa. Alifika tangu jana, akapitia hospitali kumsalimu mama yake mdogo, ndivyo anavyomwita Pacha, akamlilia kwamba mtoto hatamkubali. Na Pacha hajawahi kuona mtu analia akafunga mdomo. Akamweleza habari ya harufu, akamvulia na sare. Akampa kila kitu, kwa huruma ileile iliyonifukuzisha kazi.

Mke Mwenza alimnusa mama yake. Kifundo, kiganja, vidole. Akainuka.

Nilikuwa ng'ambo ya barabara. Magari yalikuwa yanapita mfululizo, sikuweza kuvuka. Wakatembea mpaka kwenye teksi, mtoto ameshika ncha ya mkono wa sare, hakulia, hakukaa chini, kwa hiari yake kabisa. Mlinzi alinitafuta kwa macho akaniona. Binti yangu akafungua mlango wa gari.

Mke Mwenza akasimama. Akafungua mkoba, akatoa kishuka, akampa mama yake pembe mbili.

"Asante, mwanangu," binti yangu akasema. Akakichukua kishuka chote, akakifumbata, akakitia kwapani. "Ingia, tutakilalia njiani. Ingia, mama."

Mtoto hakuingia. Alirudi nyuma hatua tatu, mikono mbele, vidole vimebana hewa. Akangoja. Mama yake akamtazama, akamtazama dereva, akacheka kidogo kwa aibu. "Anataka nini? Ingia basi, mpenzi, dereva anangoja." Mke Mwenza akamwendea, akakichomoa kishuka kwapani, akakikung'uta, akashika pembe zake mbili. Zile nyingine mbili zikaanguka kwenye matope. Akangoja tena. Sare ilikuwa yenyewe, harufu ilikuwa yenyewe, na hakuna mtu aliyeokota.

Mtoto huyu hatazami watu. Leo alitazama. Aligeuza kichwa taratibu, lango, mlinzi, mwalimu, barabara, mpaka akanifikia.

Mlinzi aliingia barabarani akasimamisha magari kwa mkono. Nilivuka. Nilikuwa nanuka gunia zima la vitunguu, hata dereva alikunja pua. Sikumpa mikono anuse, na yeye hakuitafuta. Niliinama, goti likalia, nikaokota pembe mbili. Tukarudi nyuma. Tukavuta. Tukatembea, matope yakidondoka kwenye viatu, tukakutana katikati, akanipa pembe zake, akaokota ukingo wa chini. Mara ya pili. Mara ya tatu. Vidole vyake vilikuwa baridi. Kilipokuwa kidogo kiasi cha kubebeka alikiweka mikononi mwangu, akaanza kutembea kuelekea nyumbani, mbele yangu, bila kugeuka kuangalia kama namfuata.

"Mama," binti yangu akaniita. Analia ndani ya sare isiyo yake. "Nilikosea wapi? Nimefanya kama mama mdogo alivyoniambia."

Nilikuwa na majibu ya miaka saba. Nilianza na moja, kali, nikaliacha katikati.

"Usiniulize mimi," nikamwambia. "Mimi mwenyewe nilimkatalia miezi miwili. Lipa gari, twende."

Alitufuata. Nyumbani alisimama mlangoni muda mrefu na simu sikioni, mgongo kwetu, nikamsikia akisema, "Hapana, msimngoje. Hapana, nafasi mpeni mwingine." Sikumwambia asante. Ana jambo la kushukuriwa na mengine ya kufokewa, tutaanza na ya kufokewa.

Nilikifua kishuka, nikakianika juu ya jiko, kikakauka. Nikampa binti yangu pembe mbili.

"Kidole gumba ndani," nikamwambia.

"Hivi?"

"Ndani! Si nje. Hukuzaliwa na mimi?"

Alikosea. Kishuka kikapinda kama mdomo wa meneja. Mke Mwenza akakiachia, akakinyoosha sakafuni, akashika upya, akarudi nyuma mpaka ukutani. Mama yake akakosea tena, nikamfokea tena. Nje mtu amegonga mlango, najua ni nani, hugonga mara tatu. Nimemwacha agonge mara ya nne, ndipo nikaenda kufungua, maana tumepungukiwa na mtu anayejua kazi.